Safu ya Saba

Nimefika Chekereni na mizani ya ndoano,
mfuko wa sandarusi, kamba, kalamu mbili
na fomu yenye safu tisa.
Ya kwanza jina: Aikaruwa Ndekirwa.
Ya pili eneo: ekari moja na robo.
Ya tatu zao: mpunga, magunia kumi na tisa.
"Andika kumi na nane. Moja ni la kanisa."

Safu ya nne napima mwenyewe.
Naning'iniza mabua, mshale unatetemeka, unatulia.
Ananitazama kama mtu anayetazama mwenzake
akipima upepo kwa pishi.
"Unayanunua?"
Hapana, mama.
"Sasa unayapimia nini?"

Namweleza. Nilifundishwa kueleza,
siku tatu, Arusha, kwa chai na maandazi:
kwamba bua likiungua, pamoja na moshi
hutoka gesi isiyo na rangi,
nitrojeni mbili zimemshika oksijeni mmoja,
ikipaa hukaa huko juu miaka mia,
ikaifunika dunia kama blanketi juu ya mwenye homa.
Kwamba ziko nchi za visiwa, ndogo kuliko wilaya hii,
nazo zinahesabu mabua yao kilo kwa kilo
huku bahari inawabishia hodi.

"Ina jina?"
Vitabuni huitwa gesi ya kucheka.
Ng'ambo, daktari wa meno humnusisha mgonjwa,
jino linang'oka mwenyewe anatabasamu.
Aikaruwa anakohoa, kikohozi cha misimu mingi,
anajifuta kwa pindo la kanga.
"Mbona mimi sijacheka hata siku moja?"

Safu ya tano: sababu ya kuchoma.
Visanduku vinne vya kuweka tiki,
na hakuna kinachosema
zamu ya maji ni leo saa nane usiku,
ukiikosa unangoja siku kumi na moja;
kwamba pikapu ya Kibosho
iliyokuwa ikinunua mabua kwa ajili ya ng'ombe wa huko juu
haijashuka tangu mafuta yapande;
kwamba kuyabeba ni kazi ya mgongo
na mgongo anao mmoja.
Naandika pembeni, herufi ndogondogo.
Karani wa kompyuta hatazisoma.

Safu ya sita: mbolea.
Mifuko miwili ya yuria, mkopo.
Hapo ndipo ninapokosea.
Namwambia, kwa kutaka nionekane ninajua,
kwamba ile nitrojeni inayopaa
ni yuria hiyohiyo, ilipanda kwa njia ya mizizi.
Ananyamaza. Anahesabu vidole,
anarudi nyuma, anahesabu tena.
"Kwa hiyo deni ninalo,
na nilichokopa ninakichoma."

Fomu haina safu ya hilo.

Jioni upepo ulitulia.
Kiberiti chake kilikuwa kimelowa.
Akanyoosha mkono bila kuniangalia.
Nikampa changu.

Safu ya saba: sehemu iliyoungua, kwa makadirio.
Moto ulitambaa ukitafuna, ukibagua,
ukasusa kona yenye tope,
kisha ukaghairi, ukairudia.
Moshi ukaelekea mjini.
"Mwache," akasema, "anakwenda kwao.
Mji si umepewa jina lake?"
Nikaandika: sifuri nukta nane.
Shati langu lilinuka moto,
lakini ile niliyotumwa kuihesabu haina harufu hiyo.
Ilikuwa imeshakwenda.

Maji yalichelewa, yakafika saa tisa na nusu.
Tukayapokea kwa tochi ya simu yangu, yeye na koleo lake.
Majivu yakaelea, yakazunguka kama yanayotafuta mlango,
yakaona tuta limebomoka,
yakapita hapo, yote,
kuingia jaruba la Mnzava wa chini
ambaye hajanunua mbolea msimu mzima.

Ndipo Aikaruwa alipocheka.
Alicheka mpaka akashika kiuno,
kikohozi kikamkata, akakimeza, akaendelea,
na koleo mkononi,
na tuta bado linavuja.