Shubiri

Isabirye, shika spana namba kumi.
Hasi hutoka kwanza, hurudi mwisho;
ukisahau, cheche zitakukumbusha.
Ibebe wima. Asidi haijui
shati la karakana na shati la kanisa.

Unataka tabo ikae pale betri ilipokaa,
unataka Korona ya marehemu baba yako
ipande Bugembe ikiunguruma.
Sawa. Betri itahamia kwenye buti.
Lakini anayehama huulizwa:
utapita wapi, utalala juu ya nini?

Nimepima mita nne na nusu mpaka kwenye stata.
Waya iwe nene kama gumba langu,
si hiyo uliyokuja nayo ukijisifia bei.
Stata ni mlafi;
waya nyembamba hupata homa
kabla injini haijakohoa.
Tutaipitisha chini ya zulia,
mbali na bomba la petroli, mbali na ekzosi,
tuibane kwa klipu isipate pa kucheza.
Na ukuta wa injini ukishatobolewa,
tundu livae mpira.
Bati lililotobolewa lina meno
na lina subira kukushinda.

Sasa fyuzi.

Naona umeanza kutazama simu.
"Mama, fyuzi si zipo mbele?
Elfu arobaini hiyo ningetia petroli."

Njoo huku nyuma.
Lile gamba lilikuwa Karina nyeupe.
Mahindi yameota penye kiti cha dereva.
Watoto wa Walukuba huliita Kanisa,
kwa vile milango yake haifungwi.
Betri yake niliihamisha mimi. Mikono hii.
Fyuzi niliiweka mbele, jirani na stata,
mahali pa kuonekana, mteja aridhike.
Miezi saba waya ikasuguana na reli ya kiti,
kidogo kidogo, kazi ya panya,
hadi mchana mmoja, Bugungu, hatua chache kabla ya daraja,
shaba ikakigusa chuma.
Fyuzi haikujua lolote.
Mlinzi nilimweka getini,
mwizi alikuwa chumbani tayari.

Batambuze aliruka na kiatu kimoja.
Hakunishtaki. Alikuja kesho yake,
kasimama hapo uliposimama,
akauliza bila kupaza sauti:
"Mama, ile fyuzi ilikuwa ya kazi gani?"
Namjibu tangu siku ile, gari baada ya gari.

Lete mkono. Tanua vidole.
Kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho,
shubiri moja:
fyuzi isikae mbali na betri kuliko hapo.
Waliokipa kipimo hiki jina
waliipa jina hilohilo dawa chungu
ambayo mama zetu walijipaka chuchu
siku ya kutuachisha ziwa.
Mimi nimezionja zote mbili.

Turudi kazini.
Betri hupumua, na pumzi yake hulipuka;
boksi liwe na mfuniko,
mrija wa hewa utokee chini ya sakafu.
Mkanda wa chuma, boliti mbili, kaza tena.
Siku ukipinduka
isiwe ya kwanza kukufikia kisogoni.
Hapa pa hasi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae;
umeme haupiti juu ya urembo.

Haya, funga hasi. Washa.

Kumi na nukta nane stata ikivuta. Haikuchoka.
Umecheka kama mtoto, ukaacha injini ikinguruma,
ukarudi kwenye buti peke yako,
ukatanua vidole kati ya betri na fyuzi
bila kuambiwa.
Inatosha, umesema, tena kamili.

Isabirye,
mkono wako ni mkubwa kuliko wangu.
Zima. Fungua hasi.
Tunapima kwa wangu.