Daftari la Nyumba Mia

Mzani tunautundika kwenye boriti ya Mejumaa,
ndiyo pekee Mshomoroni huku kwetu
ambayo mchwa hawajaimaliza.
Mtoto anatiwa ndani ya suruali ya turubai,
analia, anarusha mateke, mshale unatetemeka,
kisha unatulia: kilo saba na robo.
Mwanamvua anaandika.
Anaandika huku kauma ulimi,
maana herufi kazijulia ukubwani,
darasa la gumbaru, usiku,
mikono ingali yanuka mafuta ya viazi.

"Wanakulipa ngapi?" mumewe Mbeyu huuliza
kila aonapo ndara zimelika visigino.
Mbeyu hajibu.
Hujaza chupa ya chai, hujifunga leso, huyo.

Mwaka jana mifereji ilikauka majuma matano.
Tukanywa maji ya mkokoteni,
ya kisima kilicho hatua kumi na choo.
Daftari la kilo
likaanza kuandika mengine.

Tukaenda afisini, wanawake saba,
leso sare moja, deni lake hatujalimaliza.
Karani akachungulia nyuma yetu, mlangoni:
"Msemaji wenu yuko wapi?"
Tukageuka sote kumtazama huyo anayengojewa.
Palikuwa na paka.

Mwanamvua akafungua daftari.
Hakuhutubu. Alisoma, kidole chini ya neno:
Nyumba ya kumi na nne, Riziki, miezi tisa,
kuhara, tarehe tatu.
Nyumba ya kumi na nne, pacha wake,
tarehe nne.
Nyumba ya sitini, wawili,
wa-li-o-che...
Akakwama.
Hakuna aliyemsaidia. Neno lilikuwa lake.
Pangaboi lilizunguka, karani kalamu juu,
naye akarudi nyuma, akalianza upya,
wa-li-o-che-le-we-shwa
kufikishwa hospitali.

Karani akainuka, akatupa kiti chake.
Kiti kimoja, na sisi saba.
Akatoka kwenda kutafuta vingine.

Sisemi mambo yamenyooka.
Tangi limeletwa; bomba lake bado ni ahadi,
na kila Jumatatu tunakwenda kuikumbusha.
Ila juzi mumewe Mbeyu
alizichukua zile ndara, akazipeleka kwa fundi,
akazirudisha, akaziweka mlangoni
bila neno.

Na daftari jipya limenunuliwa.
Ukurasa wa kwanza Mwanamvua aliandika jina lake,
kisha akaona haya, akalikata kwa mstari.
Tukamwambia,
liandike tena.
Safari hii, bonyeza kalamu.