Saba Yenye Mkato

Maili kumi na saba baada ya Rawlins, kwenye mwinuko,
gari likaanza kupumua kwa shida.
Nikakanyaga mafuta, halikunisikia.
Nyumba yetu ya magurudumu ikatuvuta mashati kwa nyuma
kama mtoto asiyetaka kwenda shule.
Verlin akasema, "Ni filta,"
kabla taa ya njano haijawaka,
akasema tena ilipowaka,
na mara ya tatu, kwa raha ya mtu aliyeshinda dau.

Ni ile dizeli ya Jumatatu.
Kituo chenye pampu moja na mbwa mmoja,
nafuu ya senti tisa.
Mimi ndiye niliyesema tujaze.

Upepo wa Wyoming haupigi, unasukuma.
Uliusukuma mlango ukanirudia gotini,
ukamvua Verlin kofia ukaenda nayo Nebraska.
Nikamfungulia kiti cha turubai upande wa kinga, karibu na gurudumu.
Akakaa, mkono mmoja juu ya mwingine
kama anayemzuia ndege asiruke.

Miaka thelathini na minane filta zilikuwa kazi yake.
Zangu zilikuwa kahawa, ramani, na kunyamaza.
Mwaka huu vidole vyake vimejifunza lugha nyingine
na haviachi kuisema hata usingizini.

Basi nikaingia mimi uvunguni,
juu ya kipande cha zulia la sebule ya nyumba tuliyouza.
"Weka beseni kwanza, Marlys."
Nimeweka.
"Fungua koki ya maji."
Yakatoka maji, glasi nzima, rangi ya chai iliyolala,
kisha dizeli ikanitiririka mkononi hadi kwapani.
"Zungusha kushoto."
Najua kushoto.
"Lakini ukiwa chali, kushoto kwako ni..."
Verlin.
Akanyamaza. Malori yakapita, moja, la pili.

Kikombe cha filta kiligoma.
Nikatia mguu kwenye fremu, nikaning'inia kwenye spana,
nikalitaja jina la Bwana pasipo sala.
Kikalegea.
Filta ikatoka nyeusi kama mkate uliosahaulika ovenini,
na juu yake, kwa wino mzito, Oktoba na idadi ya maili,
mwandiko wake wa zamani, ule ulionyooka,
saba zikiwa na mkato katikati,
tabia aliyorudi nayo kutoka jeshini, Ujerumani.
Nikaigeuza. Maandishi yakatazama changarawe.

Ya pili iko juu ya injini, na jua halikunisubiri.
"Nishikie tochi," nikasema,
na neno likishatoka halirudi.
Akasimama. Akaishika kwa mikono miwili.
Mwanga ukaruka kwenye mabomba, ukaenda kwenye betri,
ukarudi, ukanipiga usoni, ukaondoka.
Sikumwambia atulie.
Kila ulipopita juu ya kifuniko nilizungusha robo,
ulipopotea nikangoja.
Mpira mpya niliupaka dizeli safi kwa kidole
na kuukalisha mahali pake gizani, kwa kupapasa,
nikiwa nimeshaujua mwendo wa mwanga ule
na sina haraka nao.

"Sasa swichi. Usipige stata. Hesabu thelathini."
Pampu ikanung'unika. Tukahesabu.
Thelathini tena.
Mara ya tatu alipotea, akarudi ishirini na moja,
nami nikarudi naye.

Kisha stata. Ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka,
moshi mweupe,
ikashika.

Alisikiliza kichwa upande, muda mrefu.
"Hewa kidogo bado imo. Itatoka yenyewe."
Hakusema vizuri. Hajawahi kusema vizuri.
Akapapasa mfuko wa shati, mara mbili, akanipa kalamu.

Nikaandika kwenye kifuniko: Mei, tarehe, maili.
Akainama na ile tochi yake, mwanga ukitetemeka juu ya wino.
"Saba yako haina mkato," akasema.

Nikairudia, nikaikata.