Deni la Suti

Numbi hakuwa na faranga. Suti ya harusi
aliivaa, akacheza nayo, akaimwagia bia,
na miezi minne baadaye akaja hapa Katuba
na gitaa mgongoni kama mtoto mgonjwa.
"Dawa ya deni ni kulipa, Mama Musonda.
Chukua." Kisha, mguu mmoja ukiwa nje:
"Lina uongo kidogo."

Nyuzi nazijua. Miaka ishirini na sita
nazipitisha kwenye tundu la sindano
hata kwa mshumaa, hata na usingizi.
Hizi sita zilinicheka.

Nikakaza, ikalegea. Nikakaza, ikalegea.
Sikio la mbao lilizunguka tunduni mwake
kama mlevi anayetafuta kitanda.
Usiku wa manane nikakumbuka: chaki.
Chaki yangu ya bluu, ya kuchorea mapindo.
Nikaling'oa sikio, nikalipaka, nikalirudisha.
Likashika.
Nikajisifu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi, baridi ya Juni, vidole vigumu kama mkasi,
nikapiga: sawa.
Saa saba jua likakaa juu ya bati
na kila sauti ikateremka.
Sikumlaumu mtu. Kitambaa kipya nacho
hunywea kwenye maji ya kwanza;
nani hukata kabla ya kuloweka?
Nikazivuta nyuzi kwa kidole gumba, moja moja,
kuzichosha, utoto uziishe.

Bado.
Ukiziacha wazi, zinapatana.
Ukibonyeza chuma cha kwanza, zinapanda juu
kama watu waliosikia bei.
Kyalwe, mtoto wa dada yangu, hakuinua macho daftarini:
"Mama mkubwa, unabonyeza kama unaua chawa."
Nikapunguza mkono. Ikasaidia, lakini si yote.
Nikainama, jicho moja nimelifumba:
kizingiti, kile kipande cha mfupa penye kichwa cha gitaa,
kilikuwa kirefu, nyuzi zinaruka ukuta kuingia ndani.
Nikachukua tupa ninayonolea mkasi,
nikachimba mifereji yake, unywele kwa unywele,
maana mfupa ukishakwisha
hauna pindo la kufungulia.

Halafu chuma cha kumi na mbili.
Pale uzi unapaswa kusema jina lake lile lile
kwa sauti ya mtoto. Haukusema.
Ulisema jina la jirani yake.
Nikavua futi shingoni.
Toka kizingiti hadi pale: thelathini na mbili na nusu.
Toka pale hadi darajani: thelathini na mbili.
Nikapima tena.
Nusu sentimita! Kwa nusu sentimita
nimewahi kurudishiwa gauni zima.
Daraja halikugundishwa, lilishikwa na mkazo tu.
Nikalegeza, nikalisukuma nyuma, nikaweka alama ya chaki.

Noti ya kuanzia naikopa kwa kabini ya umeme.
Iko pembeni mwa barabara, inaguna mchana kutwa,
na uzi mnene, kwenye chuma cha tatu,
unaguna vivyo hivyo, au karibu.
Fundi wa kweli angecheka.
Mimi namaliza tano zilizobaki kwa kuzisikilizisha,
huyu kwa huyu, kama mashemeji.

Leo umeme umekatika, kabini kimya.
Nimekaa mlangoni, naguna mwenyewe,
Kyalwe ananisahihisha: "Chini. Chini kidogo."
Numbi akapita, anakwenda harusi nyingine,
ndani ya suti ile ile.
"Bado lina uongo?"

Nikamtazama.
Mkono wa kushoto, hapo kwenye kifundo,
shati lilichungulia zaidi kuliko kulia.
Nilijua tangu siku ya kumpimisha.
Kitambaa kilikuwa kimepungua, na harusi ilikuwa kesho.

"Kidogo," nikasema,
nikarudi kuguna, mdomo nimeufumba.