Leseni ya Mchana

Mnara ulisimama katika kinamasi cha Ansgar Kvam,
maili mbili kutoka Esterlund, Dakota Kaskazini,
maana masafa ya kati hupenda ardhi chepechepe
kama ng'ombe apendavyo chumvi.
Chini yake nyaya za shaba mia na ishirini
zilifukiwa zikitawanyika kama mizizi.
Hakuna aliyeziona tena. Tuliambiwa tu zipo.

Serikali ilitupa mchana peke yake.
Jua likichwa, nyamaza:
usiku mawimbi hayana adabu, hupanda mbinguni
yakashukia miji ya watu,
nasi tulikuwa wadogo, kilowati moja,
hatukuruhusiwa kwenda mbali.
Juni tulisema hadi saa tatu na nusu usiku.
Desemba, saa kumi na moja kasorobo, wimbo katikati,
kimya.

Mama hakupenda kukatizwa.
Alizima redio mwenyewe, dakika moja kabla,
vidole vina unga:
"Afadhali niage mimi kuliko kuagwa."

Na ya kusema yalikuwapo!
Bei ya bitiruti. Nani anauza mashine ya kufulia,
nani kapotelewa na mbwa mwenye jicho moja, jina lake Askofu.
Jumapili, akodioni za Wacheki.
Saa sita na robo Bi Verna Hruby alisoma vifo
kwa sauti ileile ya hali ya hewa,
na siku ilipofika zamu ya mumewe
sauti haikubadilika, ila jina alilisoma mara mbili,
kama mtu anayehakiki tahajia.

Kinyozi Eldred aliapa kwamba jino lake la kuzibwa
linapokea habari. Tulimcheka.
Lakini seng'enge ya kinamasini iliimba kweli,
niliisikia kwa sikio langu hili.

Februari moja, sabini na kitu, ikaja tufani ya theluji.
Jua likachwa (jua gani? siku ya pili hatulioni),
Ansgar akatazama saa, akatazama swichi,
akavua kofia, akaifunika swichi.
Usiku kucha Bi Verna akasoma:
basi la shule liko kwa Novotny, watoto wote kumi na tisa;
Bibi Hjelle, usitoke, mwanao yuko kwa jirani;
wewe wa lori la maziwa, kama wasikia, piga honi,
watu wa Skaar watafuata honi.
Akapiga. Wakafuata.

Baadaye zikaja barua mbili, wiki moja.
Ya serikali: faini, dola mia tano.
Ya pili ya mwalimu mmoja wa Ufini, Toivo Rautala,
aliyekesha kando ya redio yake:
"Nimesikia mwanamke akihesabu watoto.
Tafadhali thibitisheni kama ni ninyi.
Na je, wa lori alipatikana?"
Ansgar alizitia zote mbili katika fremu moja.

Sitaeleza sana tulivyokufa. Tulikufa kama wengine:
mnunuzi wa mbali, kisha mnunuzi wa mnunuzi,
kisha kompyuta iliyotusomea mvua ya mji mwingine
huku sisi tunakohoa vumbi.
Mnara ulikatwa, ukalala bila kishindo nilichongojea.
Wezi wakaja na majembe. Ndipo tukaamini shaba ilikuwapo.
Jino la Eldred lilizikwa naye.

Ila ile Ijumaa ya mwisho, Oktoba,
nilikuwa jikoni kwa Mama.
Dakika ya kuzima ikafika. Akaitazama redio, hakuinuka.
Akodioni ikakatika katikati ya pumzi,
ukabaki mvumo ule, kama kitu kinachokaangwa nyumba ya pili.
Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi la vidole.

Uliendelea hadi Jumatatu, betri zilipokwisha.
Hakununua nyingine.
Unga, alinunua.