Inakunywa Hewa

Pikipiki ya mama haikufa, ililala,
Oktoba hadi Mei, nyuma ya magunia,
chini ya turubai lenye jina la chama cha ushirika
ambacho nacho kililala, hakikuamka.

Mimi ndiye niliyeilaza. Kwa haraka.
Siku ile tulikuwa tumepata kitanda Bugando,
na nani anakumbuka kumwaga petroli
wakati mama yake anabebwa kwa shuka?

Leo nimepiga kiki arobaini.
Ya arobaini na moja ikakohoa,
ikatoa moshi wa buluu, mzito, uliokwenda polepole
juu ya mawe ya Igombe kama mtu anayeulizia nyumba,
kisha ikanyamaza.

Ukivuta choki, inawaka.
Ukirudisha choki, inazima.
Ukiipa moto inaguna, inajifikiria,
inakumbuka jambo, inaacha.

Nilifungua plagi: nyeusi, imelowa.
Nikaisugua kwa msasa, nikaigusisha kichwa cha injini,
cheche ikaruka, nyembamba, safi.
Basi si moto.
Nikafungua bakuli la kabureta
na harufu ikanipiga: si petroli tena,
ni rangi ya mlango, ni dawa ya mende,
ni miezi minane ya uji kwenye chupa ya chai
uliopandishwa kilima kile asubuhi na jioni.
Chini, utomvu wa kahawia.
Na jeti ndogo, yenye tundu la jicho la sisimizi,
imeziba.

Nikakaa kidogo juu ya ndoo.

Halafu nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli,
nikautumbukiza, nikauzungusha taratibu,
maana tundu hili ukilipanua, ndiyo basi tena.
Nikapuliza. Nikaliinua usawa wa jicho.
Nikaliona ziwa, dogo mno, likiwaka.

Petroli mpya lita moja, oili vifuniko viwili
(pampu ya oili ilikufa zamani, tunachanganya wenyewe:
ukizidisha inakohoa, ukipunja vyuma vinasagana).

Kiki ya tatu, ikawaka!
Mazigo, fundi wa mashine za mitumbwi,
akapiga makofi kule kwake. Mapema mno.
Nilipoachia mkono, sauti haikushuka.
Ilibaki juu, ikapaa, ikalia peke yake
kama mtoto aliyesahau kilichomliza.
Nikazima.
Mazigo akasema jeti. Nikasema nimezibua.
Akasema basi ni sili ya krenki, hapo ni pesa,
iuze kwa kilo.

Dirisha likagongwa kutoka ndani.
Kwa kijiko.

Mama, ambaye tangu arudi
hujibu kila salamu *mhola duhu* na kugeukia ukuta,
mama aliyeimaliza Misungwi yote kwa pikipiki hii
akihesabu funza kwenye vitumba vya pamba vya watu,
alisema bila kuinua kichwa:
"Limi. Inakunywa hewa.
Tazama mpira wa kabureta, upande wa chini.
Huo ambao hamuutazamagi."

Nikawasha, nikaumwagia maji ya sabuni.
Sauti ikayumba.
Ufa, mfupi kama ukucha.

Nikakata utepe wa tyubu ya baiskeli,
nikauvuta, nikaufunga, nikaurudia mara sita,
grisi hadi kwenye viwiko, visubi vya ziwani
vimeninasia shingoni kama ufuta.

Reng. Reng-teng. Teng, teng, teng.
Ikashuka. Ikakaa hapo chini
ikihema kwa pua yake yenyewe.
Kuku wakarudi.

"Gia ya tatu bado inaruka," nikasema dirishani.
"Hiyo," akasema, "iliruka hata nikiwa na mimba yako."

Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Usizime kwanza."

Kijiko kikatulia juu ya kikombe.
Baadaye, muda mrefu baadaye,
akauliza petroli siku hizi ni shilingi ngapi.