Fundi Msellem Asomewa Kitabu

Mwanasha huja saa kumi na nusu, sare bado mwilini,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapa Kibokoni,
kwa sababu kwao stima imekatwa
na kwangu taa ipo. Ya deni, lakini ipo.

Nami nina dele la Badi, kitako kimetoboka.
Kahawa ya miaka kumi na sita
imekila kimyakimya.

"Babu, kitabu chasema metali ni ioni chanya
zimepangwa safu kwa safu,
na elektroni za nje hazina mwenyewe,
zazunguka kote, ni za wote. Zaitwa bahari."

Bahari gani? Ile ya Likoni naijua,
yanitia patasi kutu nikiwa nimelala.

"Si hiyo. Hii haina chumvi."

Soma basi.

Akasoma kwamba chumvi ya mawe ukiipiga hupasuka:
safu ikisogea hatua moja tu
chanya hukutana na chanya, zikasukumana papo hapo.
Lakini shaba, safu huteleza juu ya safu
na zile zisizo na mwenyewe huzifuata,
huzishika tena mahali papya.
Ndipo ikafulika.

Nikacheka. Mamako afua kanzu,
mimi nafua shaba,
na yule kijana wa stima hafui dafu.
Neno moja, watu watatu.

Mengine nilikuwa nayajua bila kusomewa.
Moto ukishika mdomo wa dele
vidole vyangu kwenye mkono wake hupata habari
kabla sijahesabu tano.
Shaba iliyokwanguliwa hung'aa kama jino jipya,
kisha hewa huitia haya.
Iliyo nzima hulia nnnng,
yenye ufa husema tak, ikanyamaza.
Na waya uletao taa ndio ule ule
walioukata Tudor wakaniletea kwa kilo.
Niliwafukuza,
ingawa si siku ya kwanza walipokuja.

Nyundo ikatua, na pale pale
nilipopapiga tangu adhuhuri
pakachanika. Mstari mwembamba, kama unywele.

Mwanasha akatazama kitako, akatazama kitabu.
"Kilisema huteleza."

Imechoka, nikamwambia. Shaba huchoka.
Ukiipiga baridi, ukaipiga, ukaipiga, huwa kaidi.
Nilipaswa kuirudisha motoni mapema,
iwe nyekundu kama kaa linalotaka kuzimika,
kisha majini.
Chuma cha patasi ukikizamisha hukaza roho.
Shaba ukiizamisha, husamehe.

Akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma.
"Kuchoka hawakuandika."
Akachukua penseli, na pambizoni, kwa herufi ndogo,
akaandika swali, akalitia jina langu.

Nami nikavukuta moto.
Badi atakuja saa moja.
Leo kahawa ataichemshia sufuriani.